Kadi ya Sabuni

Kabla hajawa mtu wa televisheni alikuwa mtu wa ngazi. Ukimtafuta ilibidi uangalie juu: yuko mbele ya duka fulani, brashi moja mkononi, nyingine ameiuma kwa meno, anaandika DUKA LA VIATU au KINYOZI WA KISASA kwa herufi zilizonyooka kama zimepigwa pasi. Watu walimwita Fundi Brashi. Alikuwa mwembamba, mpole, mzito wa kusema. Ukimuuliza jambo aliitazama kwanza brashi yake, kama vile jibu lingetoka huko.

Kituo cha televisheni kilikuwa cha umma, na miaka yake ya mwanzo hakikujua biashara. Kilionyesha taarifa ya habari, kwaya, masomo ya kilimo, na wazee wa heshima wakijadiliana mambo mpaka watazamaji wakasinzia vitini. Fedha zilitoka serikalini, tena kwa kudondoka. Ikafika wakati hata balbu za studio zikiungua zinangojewa kama mvua. Wakubwa wakakaa, wakakuna vichwa, wakakubaliana: kituo kianze kuuza matangazo ya biashara.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Hakuna aliyejua tangazo la televisheni linapikwaje. Filamu ilikuwa ghali mno. Wakabuni njia yao wenyewe. Kila mwenye biashara angechorewa kadi kubwa ya hadibodi, ule ubao mwembamba wa kushindiliwa. Kadi zingepangwa kwenye stendi mbele ya kamera kila jioni kabla ya taarifa ya habari, mtangazaji asome maneno, na mtu asimame pembeni kuzivuta moja baada ya nyingine. Kilichobaki ni mchoraji. Basi Fundi Brashi akashushwa kwenye ngazi yake, akapewa stoo ya zamani ya viti vibovu iwe karakana, na akaambiwa mvutaji kadi naye ni yeye.

Mkuu wa matangazo alikuwa mama mmoja wa miwani na mwendo wa haraka. Walimwita Mama Dakika, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuuza dakika.

"Fundi, mimi nauza hewa tupu," alimwambia siku ya kwanza. "Wewe ndiye wa kuifanya hiyo hewa ionekane. Ukiniangusha tumeanguka wote, na mimi nina uzito."

Mwanzo haukukosa vituko. Siku ya kwanza mkono wa Fundi Brashi ulionekana mzima mzima kwenye kioo, na kesho yake sokoni kila mtu alimpungia. "Fundi, jana mkono wako umetuamkia!" Siku nyingine kadi ya bucha iliwekwa juu chini, na mwenye bucha akaja kituoni anatoa moshi masikioni. "Ng'ombe wangu anatangazwa miguu juu? Watu wanasema kafa kwa ugonjwa!" Mama Dakika hakutikisika. "Lakini mji mzima leo unazungumza bucha ya nani, mzee wangu? Si yako?" Mwenye bucha akafikiri kidogo, akaenda zake, na wiki iliyofuata akanunua dakika nyingine.

Televisheni ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, na kamera haikujua rangi kama macho ya watu yanavyozijua. Fundi alimchora mwanamke wa saluni akampaka midomo myekundu, na kwenye kioo akatokea kama aliyekunywa wino. Tangu hapo akawa anajaribu na kwenda kuchungulia, anajaribu na kwenda kuchungulia, mpaka akajua: midomo iwe ya kijani, mashavu ya manjano, vivuli vya buluu. Ukiiona kadi karakanani ungesema ni mgonjwa wa kutisha. Ukiiona kwenye kioo ungesema ni mtu anayepumua.

Hadibodi ilikuwa adimu. Tangazo likiisha muda wake, ubao haukutupwa. Seremala wa kituo aliupaka rangi nyeupe mara mbili, ukachorwa upya. Huyo seremala alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo, na ndiye aliyekuwa rafiki wa Fundi Brashi kuliko wote. Lakini mwanzoni aliwahi kufanya kosa. Aliona kadi ya dawa ya viatu imefifia, akadhani imekwisha kazi, akaifuta, kumbe mwenyewe bado ana wiki nzima aliyolipia. Ukawa ugomvi mkubwa. Ndipo Fundi akaweka sheria: kadi iliyokwisha itachorwa msalaba wa chaki mgongoni, chaki iliyochovywa majini ili isifutike ovyo.

"Usiangalie sura," alimwambia seremala. "Sura inadanganya. Angalia mgongo tu."

Sheria ikashika, ikawa hata utani wa kazini. Mtu akihamishwa idara walisema, "Mgongo umesema."

Na ile stoo ilikuwa na unyevu, paa lake likivuja pembe moja. Hadibodi ikiachwa peke yake kwenye unyevu hupinda. Kwa hiyo Fundi alizifunga kadi mbili mbili kwa kamba, mgongo kwa mgongo, zikaze zinyooke, na sura zikae nje zisigandane.

Nyumbani alikuwa na mke mmoja na mtoto mmoja. Mungu alikuwa amewachelewesha, wakangoja, wakaomba, wakachoka kuomba, na walipochoka ndipo wakapewa binti. Alizaliwa na alama ndogo nyeusi chini ya sikio la kushoto, kama vile mwandishi ameweka nukta na kuridhika. Wakamwita Kidoti. Baba akawa Baba Kidoti na mama akawa Mama Kidoti, na majina yao mengine yakasahaulika hata na ndugu.

Kiwanda cha sabuni kilipokuja kununua dakika kilitaka kadi yenye mtoto anayeng'aa. Fundi hakutafuta mbali. Alimchukua Kidoti baada ya shule, akamkalisha kwenye kreti ya soda pale stoo, akampaka povu shavuni.

"Baba, linawasha."

"Vumilia, mwanangu. Watu maarufu wote huwashwa."

"Nicheke au nisicheke?"

"Wewe kaa tu kama Kidoti."

Akakaa kama Kidoti, yaani akacheka. Kichwa alikigeuza kidogo, sikio la kushoto likaja mbele. Fundi alichora mashavu ya manjano, midomo ya kijani, na mwisho kabisa, rangi nyingine zote zilipokwisha kukauka, akachovya ncha ya brashi ndogo na kuweka ile nukta.

Mama Kidoti hakufurahia. "Unamuuza mwanangu na sabuni, Baba Kidoti? Watu wakimwona kila siku, macho yao ni mengi."

"Ni kadi tu, mama. Na dhamana ni ya Mungu."

Jioni walikwenda wote watatu kwa jirani, muuguzi mstaafu aliyekuwa na televisheni sebuleni. Watoto wa mtaa walimwita Mama Sindano na kumkimbia, lakini televisheni yake hawakuikimbia. Sura ya Kidoti ikatokea, na mtangazaji, yule mwenye sauti ya taratibu kama maziwa yanavyomiminwa, akasoma: "Mtoto msafi, furaha ya mama." Sebule nzima ikapiga makofi. Mama Kidoti akacheka kwa aibu, akajifunika uso. Siku hiyo mvutaji kadi alikuwa kaomba ruhusa, seremala akamshikia.

Picha ya kupigwa hawakuwa nayo hata moja. Kila mara walisema watakwenda: akianza shule, akimaliza darasa, akishonewa gauni jipya. Ndivyo tulivyo, tunadhani siku zimepangwa rafu nzima.

Homa ilimchukua Kidoti kwa haraka mno. Jumapili alikuwa anaruka kamba. Alhamisi walimzika.

Siku ile ya mazishi waombolezaji hawakuenea kwao, wengine wakakaa kwa Mama Sindano. Mtu akawasha televisheni kusikiliza habari, bila kufikiri. Mama Kidoti alikuwa ameletwa kunywa maji. Kadi ya sabuni ikatokea. Mtu mmoja akaruka kwenda kuzima, na yeye, aliyekuwa hajatamka neno tangu makaburini, akasema, "Iacheni." Wakaiacha. Akamtazama mwanawe mpaka akaondoka kwenye kioo.

"Jikaze kisabuni, mwenzangu," bibi mmoja akamwambia kwa upole, kisha akajisikia mwenyewe alichosema, akafunika mdomo na kulia kuliko mfiwa.

Kiwanda kiliendelea kununua dakika, na kadi ikaendelea. Kila jioni Mama Kidoti alivuka uchochoro, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa Mama Sindano, akangoja. Sura ikitokea aliinua kidogo kidevu, kama mama anayeangalia mtoto akivuka barabara. Ikiondoka alisema, "Asante, dada," akaenda kupika.

Na upande wa pili wa kioo kile, katikati ya taa za studio, mumewe ndiye aliyekuwa akivuta kadi. Kila jioni mkono wake uleule uliomchora ndio uliomwondoa. Alijua saa hiyo mkewe yuko kwenye kigoda. Basi akaanza kuchelewa. Kidogo tu, pumzi moja, kisha pumzi mbili. Kadi ya sabuni ikawa inakaa kuliko zote, na ya duka la samani iliyofuata ikawa inapita kama mwizi.

Mama Dakika akamwita. "Fundi, mwenye samani analalamika. Anasema sofa lake halijakaa linaondoka." Alivua miwani akaifuta bila sababu. Alikuwa anajua. "Mimi nitaongea naye. Nitamwambia stendi ina kasoro. Lakini nisaidie, baba. Nusu ya hiyo pumzi."

"Nimesikia, mama."

Lakini hakupunguza, na Mama Dakika hakumwita tena.

Miezi ikapita hivyo. Kisha kituo kikaanza kujiandaa kwa televisheni ya rangi. Wakaja mafundi na mashine zilizofungwa kwenye makasha, na kiwanda cha sabuni, kwa kuwa kilikuwa na uwezo, kikawa cha kwanza kuleta filamu yake: mtoto mwingine kutoka mahali pengine, bafu la vigae, muziki, na mapovu yanayoruka. Kadi zote zilikuwa zinakwenda kufa, lakini ya sabuni ilitangulia. Ikawekewa siku yake ya mwisho.

Fundi alimweleza mkewe akiwa amesimama mlangoni, hakuweza hata kukaa.

Mama Kidoti aliendelea kuchambua mchele. Vidole vikaenda, vikarudi. "Na ubao wenyewe? Wanaupeleka wapi?"

"Hupakwa nyeupe, likachorwa tangazo jingine."

Vidole vikasimama. "Baba Kidoti. Sijawahi kukuomba kitu cha kazini kwako."

"Hujawahi."

"Niletee mwanangu nyumbani."

Kesho yake akaenda kwa Mama Dakika. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na alipofika yote yakamkimbia. Akasema tu, "Ile kadi ya sabuni, mama. Kama hamuihitaji."

"Chukua," Mama Dakika akasema kabla hajamaliza. "Chukua, na Mungu awape nguvu. Ila bawabu hataruhusu mali ya umma kutoka getini bila kibali, na kibali kinasainiwa makao makuu. Ijumaa asubuhi nenda. Nimekwisha wapigia simu."

Nyumbani, Mama Kidoti akasafisha ukuta wa sebule ulioelekea mlango. Akaupiga chokaa mwenyewe. Akaazima nyundo kwa Mama Sindano na kupigilia misumari miwili, akaivuta kuona kama itabeba. Tangu msiba hakuna aliyekuwa amemsikia akiimba, lakini siku hiyo jirani alimsikia akivumisha wimbo wa kanisani, hauishi, unaanza tena.

Alhamisi jioni kadi ilisimama kwenye stendi kwa mara ya mwisho. Studio nzima ilijua. Mpiga kamera alisogeza lenzi taratibu mpaka sura ikajaa kioo chote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mtangazaji akasoma, "Mtoto msafi, furaha ya mama." Ukafika wakati wa kuvuta. Mkono wa Fundi ukainuka, ukagusa ukingo wa ubao, ukakaa pale. Mwongozaji wa matangazo akamwashiria kupitia dirisha la chumba cha mitambo, avute, avute. Hakuvuta. Ndipo mtangazaji, bila kuambiwa na mtu, akasoma tena polepole yale maneno yote tangu mwanzo, kama vile ndivyo yalivyoandikwa. Alipomaliza, Fundi akamvuta mwanawe.

Aliibeba kadi mwenyewe hadi stoo. Mvua ilikuwa imenyesha, unyevu umejaa, na hakutaka ipinde usiku huo mmoja uliobaki. Akatafuta ubao ulionyooka kuliko zote wa kuifunga nao. Ulikuwa wa duka la samani, nao ulikuwa umeisha muda. Muda mfupi kabla alikuwa ameuchora mgongoni msalaba wa chaki mbichi. Akaziweka mgongo kwa mgongo. Akazikaza kwa kamba kwa nguvu kuliko kawaida, akaweka gazeti mbele ya sura ya Kidoti isichubuke, akapitisha mkono juu ya gazeti, akafunga mlango.

Ijumaa asubuhi alikwenda makao makuu. Foleni ilikuwa ndefu na karani alikuwa mpole asiye na haraka, lakini simu ya Mama Dakika ilikuwa imefika kweli. Akapata kibali, kina muhuri. Akakikunja na kukitia mfuko wa shati upande wa moyo, akarudi kwa mguu, na njiani akajikuta anatabasamu. Alikuwa anaona ule ukuta na misumari yake miwili.

Seremala alikuwa uani, brashi kubwa mkononi. Mbao zilizopakwa nyeupe zilikuwa zimeegemezwa ukutani kwenye jua, zimepangwa kama shuka za hospitali. Kazi hiyo hufanywa mchana, lakini mafundi wa mashine mpya walikuwa wanautaka uwanja, basi aliiwahi.

"Umerudi, Fundi," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Nimekwisha malizia. Nilitaka usije ukayaona."

"Yapi?"

Fundi akamtazama, akazitazama mbao, akaingia stoo. Kamba ilikuwa sakafuni. Gazeti lilikuwa sakafuni. Akatoka.

"Kadi yangu iko wapi?"

"Ilikuwa na alama, Fundi."

"Haikuwa na alama."

"Ilikuwa nayo. Mgongo ulisema." Seremala akaenda kwenye mstari wa mbao, akachukua mmoja, akaugeuza. Mgongoni palikuwa na msalaba wa chaki. Hafifu, kingo zake zimesambaa kidogo, lakini msalaba.

Fundi Brashi akauangalia muda mrefu. Kisha akachukua ubao wa samani uliokuwa pembeni yake, akaugeuza pia, akazikutanisha zile mbao mgongo kwa mgongo kama alivyozifunga jana. Akazitenganisha. Misalaba yote miwili ilikaa mahali pamoja, mstari juu ya mstari. Chaki ilikuwa mbichi, hewa ilikuwa na maji, na kamba ilikuwa imekazwa kwa nguvu kuliko kawaida.

Seremala naye akaelewa. Akaketi chini palepale, mwili wote ule, kama gunia lililokatwa.

"Niliiona sura," akasema. "Sitakudanganya. Nilifungua nikamwona mtoto, nikasimama. Huyu si amekula kwangu? Si nilimtengenezea kiti chake kidogo? Nikageuza nikaona alama. Nikajiambia, baba mtu amechoka kuumia kila jioni, ameamua. Nikaogopa kukuuliza, nisije kukuchokonoa kidonda. Nikasema nifanye upesi, akirudi asimwone." Machozi yalikuwa yanamchirizika na hakuyafuta. "Ningekuuliza tu, Fundi. Mdomo si huu ninao?"

Fundi hakumfokea. Angemfokea kwa lipi? Sheria alikuwa ameiweka yeye, kamba alikuwa ameikaza yeye, chaki ilitoka mkononi mwake. Akaweka kiganja begani kwa rafiki yake kidogo, kama mtu anayeshika ukuta asianguke.

"Nitafutie wembe," akasema.

Rangi ya kituo ilikuwa ya kukauka haraka. Waliichagua hivyo wenyewe, ili ubao uliopakwa leo uchorwe leoleo. Thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ingekula rangi zote mbili. Uliobaki ni wembe. Akaupeleka ubao stoo, akakaa kwenye kreti ileile ya soda, akaanza kukwangua kutokea pembeni, pale alipojua pana sikio. Alijua mahali pa kila kitu hata akiwa amefumba macho. Weupe ukatoka kama unga. Chini yake ikatokea manjano, kisha ukingo wa buluu, kisha sikio. Sikio zima, dogo, na kivuli chake. Seremala mlangoni akaanza kusali kwa kunong'ona.

Akashuka chini ya sikio. Akapunguza mkono, wembe ukawa unagusa kama unyoya. Weupe ukanyanyuka kipande kimoja kama ganda la yai, akakipokea kiganjani na kukigeuza. Ndani ya kile kipande, katikati kabisa, palikuwa na nukta nyeusi.

Ile nukta ilikuwa imewekwa mwisho, juu ya rangi nyingine zote. Ndiyo iliyoshikana na nyeupe, na ndiyo iliyotangulia kutoka. Na kama nukta imetoka hivyo, basi na mwanga wa machoni, ambao naye aliuweka mwishoni, na meno ya kicheko. Kila alichokichora kwa upendo zaidi alikichora mwisho. Akauweka wembe chini.

Bawabu alikisoma kibali, akauangalia ubao mweupe, akamwangalia Fundi, akafungua geti.

Mama Kidoti alikuwa amesimama mlangoni tangu zamani, amevaa gauni la ibada. Mama Sindano alikuwa nyuma yake. Walimwona anakuja uchochoroni na ubao kifuani, mgongo wa ubao ukiwaelekea, na Mama Kidoti akanyoosha mikono mbele kama anayepokea mtoto kutoka kwa mkunga. Akapokea. Akaugeuza.

Hakupiga kelele. Mama Sindano ndiye aliyesema, "Yesu wangu!" akashika mlango.

Fundi akaeleza, kwa maneno machache kama kawaida yake, na safari hii hapakuwa na brashi ya kutazama. Akaeleza chaki, akaeleza kamba. Hakumtaja seremala kwa ubaya. Mwishoni akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua na kumwonyesha kile kipande kama ganda la yai, chenye nukta.

Mama Kidoti alikaa chini na ubao mapajani. Akaligusa lile sikio.

"Mbona la manjano?"

"Kamera haijui rangi, mama. Kwenye kioo linakuwa sawa."

"Kwa hiyo siku zote alikuwa hivi."

"Siku zote."

Akalitazama. "Alikuwa mzuri hata hivi," akasema.

"Naweza kumchora upya." Fundi akausogelea ubao. "Juu ya palepale. Mkono wangu unamjua. Hata leo, nikiwahi mwanga."

"Utachora mtoto, baba. Utachora mtoto mzuri sana." Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilimtaka yule aliyekaa mbele yako akacheka."

Aliweka kiganja kwenye weupe, pale ambapo shavu lilipaswa kuwa. Akakiacha hapo.

"Yumo humu?"

"Yumo."

"Ukikwangua atatoka?"

"Atatoka na rangi. Hatabaki kwako wala kwangu."

Mama Kidoti akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inasogea. Alikuwa anasema na Mungu, na yaliyosemwa hapo ni yao wawili. Alipofumbua akampa mumewe ubao.

"Basi usimguse tena. Mtundike."

Akautundika kwenye ile misumari miwili. Ubao mweupe kwenye ukuta mweupe, na sikio moja la manjano upande mmoja, kama mtu aliyeko chumba cha pili anawasikiliza. Kile kipande Mama Kidoti alikitia ndani ya Biblia yake, akaifunga.

Mama Sindano akaaga kwa ishara. Wao wakabaki wamekaa kwenye benchi, ubavu kwa ubavu, hakuna aliyewasha taa. Jioni ikaingia. Kutoka ng'ambo ya uchochoro wakasikia televisheni inawashwa, kisha muziki mpya ukaja, wa kurukaruka, na mtoto wasiyemjua akicheka ndani ya mapovu. Mama Sindano akakimbilia kupunguza sauti, lakini walikuwa wamekwisha kusikia.

Kigoda kilikuwa tupu jioni ile. Na juu ya goti la Fundi Brashi mkono wa kulia ukainuka wenyewe, kwa mazoea, vidole vimejikunja kama vimeshika ukingo wa ubao. Ulikuwa umefika wakati wa kuvuta. Mama Kidoti akauona. Akauchukua ule mkono kwa mikono yake miwili, akauteremsha mapajani mwake, akaushikilia usivute, mpaka muziki ukaisha na habari zikaanza.